Breki, Kona na Gari la Spoti: Maswali Ninayoulizwa Sana Hapa Nakuru

Nina gereji ndogo Nakuru. Mara chache kwa mwaka mimi na wenzangu hukodi eneo la lami, tukapanga koni, tukazungusha magari mpaka matairi yanuke. Maswali yanayofuata baadaye ni yale yale: kwa simu, kwa WhatsApp, hata matangani. Nimeyaweka pamoja hapa ili nipumue kidogo. Mengine ni ya kiufundi na nimeyajibu kwa urefu. Mengine hayahitaji zaidi ya neno moja.

Gari lipi ni kali kuliko yote mliyojaribu?

Kali kwa nini? Kwa kuondoka, au kwa kusimama? Wengi wanaouliza hivi wanataka kusikia habari za nguvu za injini. Injini nitaigusa kidogo tu, kwa sababu mtu yeyote mwenye mguu wa kulia anaweza kukanyaga mafuta kwenye mstari ulionyooka. Gari huonyesha tabia yake mahali pawili: unapokanyaga breki kwa nguvu zako zote, na pale katikati ya kona ambapo huna mafuta wala breki.

Mbona mnaanza na breki?

Kwa sababu hesabu za breki hazina huruma. Ukitoka kilomita 100 kwa saa hadi 140, mwendo umeongezeka kwa asilimia 40, lakini kazi ya breki imekaribia maradufu. Gari zuri la spoti lenye matairi mazuri kwenye lami kavu husimama kutoka kilomita 100 kwa takriban mita 35. Hizo ni kama matatu saba za viti 14 zilizopangwa foleni. Kutoka kilomita 200, gari hilo hilo na breki hizo hizo litahitaji matatu ishirini na nane. Mwendo umezidishwa kwa mbili, umbali kwa nne.

Mwendo ule wote lazima uende mahali, nao huenda kama joto kwenye diski, zile sahani za chuma zinazobanwa na pedi za breki. Chukua Nissan GT-R ya mwaka 2007 yenye kilo kama 1,740, uisimamishe kutoka kilomita 180. Joto linalozaliwa linatosha kuchemsha lita saba za maji ya bomba hapa Nakuru. Mazda MX-5 ya kilo 1,050 hivi, kwa mwendo ule ule, itachemsha lita nne na kitu. Sasa fanya hivyo kwa kila kona, mzunguko baada ya mzunguko. GT-R inajua deni lake, ndiyo maana ilizaliwa na diski za mbele za milimita 380 na kalipa (vibano vya pedi) za Brembo zenye pistoni sita. MX-5 haihitaji vyuma hivyo vyote. Haikubeba mzigo tangu mwanzo.

Basi gari jepesi hushinda siku zote?

Hapana. Kwenye mzunguko mmoja wa sakiti yenye sehemu ndefu zilizonyooka, GT-R itaiacha MX-5 mbali kabisa. Ila ukiniuliza baada ya mizunguko kumi ni dereva yupi bado anacheka na ni yupi anapapasa pedali kwa wasiwasi, jibu hubadilika. Gari jepesi halichoshi breki, halili matairi, wala halimli mwenyewe mfukoni.

Nawezaje kulinganisha magari mawili kwa haki?

Hapa ndipo watu hudanganyana sana. Mtu anakuja na Golf GTI yenye matairi mapya, mwenzake ana WRX yenye matairi ya mtumba yaliyokauka kama ngozi ya ngoma, kisha jioni wanatangaza kwamba Golf inashika kona kuliko Subaru. Hapo wamelinganisha matairi, si magari.

Sisi hufanya hivi. Dereva ni mmoja kwa magari yote, na si mwenye gari, kwa sababu mwenye gari huwa anafikiria mkopo. Mafuta kwenye tangi tunayasawazisha, nusu kwa nusu. Upepo wa matairi tunapima asubuhi yakiwa baridi, tunapima tena gari likitoka uwanjani. Ukianza na psi 32 utashangaa kukuta 38, maana tairi likipata moto na hewa ya ndani inavimba. Tunapunguza mpaka lirudi mahali pake likiwa la moto. Mzunguko wa kwanza hatuuhesabu. Tunaandika mitatu inayofuata, kisha tunaendelea hadi wa nane kuona breki zinasemaje. Tofauti kati ya mzunguko wa pili na wa nane hunifundisha zaidi kuliko ule wa kasi kuliko yote.

Kuna tofauti gani kati ya gari la kuvutwa mbele, la kusukumwa nyuma na la fowili, yaani la magurudumu yote manne?

Gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele, kama Golf GTI, limeyapa magurudumu mawili kazi tatu: kuvuta, kukata kona, na sehemu kubwa ya kusimamisha. Ukiyaomba yote kwa pamoja, pua inakataa kuingia na gari linaelekea nje ya kona hata ukizungusha usukani mpaka mwisho. Dawa ni subira: ingia polepole, ngoja pua ikubali, ndipo ukanyage mafuta. Jambo moja ambalo wenye GTI hawalitambui ni kwamba ule mfumo wa XDS unaosaidia kona hufanya kazi kwa kubana breki ya gurudumu la ndani. Kwa hiyo hata wakati hukanyagi breki, pedi za mbele zinafanya kazi. Wakija gereji kulalamika kwamba pedi zimeisha upesi, mimi huuliza tu walikuwa wapi Jumamosi.

La kusukumwa nyuma hugawa kazi vizuri. Mbele unakata, nyuma unasukuma. Toyota 86 na ndugu yake Subaru BRZ, waliotoka 2012, ndio walimu ninaowapenda. Kiwandani waliwekewa matairi membamba ya 215 aina ya Michelin Primacy, tairi la starehe kabisa, na hilo lilikusudiwa. Linaanza kuteleza mapema, kwa mwendo mdogo, likikuonya kama mzazi anayekohoa kabla ya kugombeza. Mkia ukitoka unatoka taratibu, unaurudisha, mnaendelea.

Honda S2000 nayo ni ya kusukumwa nyuma, lakini haina upole huo. Injini yake ya mwanzo ilizunguka hadi mara 9,000 kwa dakika na usukani wake ni mwepesi wa kuitikia. Inashika, inashika, inashika, halafu inaachia ghafla. Ukiachia mafuta katikati ya kona kwa hofu, mkia unakupita. Kwa dereva mzoefu ni gari tamu sana. Mgeni simpi ufunguo.

Fowili tutaizungumzia peke yake, maana huku kwetu ndiyo dini.

Subaru WRX STI na Mitsubishi Evo, ipi inashika kona zaidi?

Nilijua tutafika hapa.

Zote mbili ni nzito mbele, karibu asilimia 60 ya uzito iko kwenye pua. Injini ya Subaru imelala chini, jambo zuri, lakini imening'inia mbele ya ekseli. Ukiingia kona na mwendo mwingi pua inasukuma nje, na wengi hujibu kwa kuongeza usukani, jambo linalozidisha tatizo. STI hutaka uikanyage breki mpaka ndani ya mlango wa kona, uiachie kidogo kidogo huku unakata, ili uzito ubaki juu ya matairi ya mbele. Ukishapita katikati, kanyaga mafuta bila woga. Hapo ndipo inapokulipa.

Evo ina ujanja mwingine. Kuanzia Evo IV ya mwaka 1996 Mitsubishi waliweka difu ya nyuma (gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu mawili) inayoweza kupeleka nguvu zaidi kwenye gurudumu la nje, na kwa Evo X ya 2007 wakaiunganisha na mifumo mingine ya gari. Matokeo ni kwamba unakanyaga mafuta na pua inaingia ndani badala ya kutoka nje. Mara ya kwanza unadhani gari limekosea. Kwa maoni yangu, kwenye lami Evo ni ya kasi zaidi na STI ni ya mazungumzo zaidi. Wenye Subaru wa Milimani watanisamehe, na wasiponisamehe wanajua gereji ilipo.

Forester XT yangu inahesabika?

Inahesabika kwa moyo. Lakini ni ndefu kwenda juu, inalala kwenye kona, na breki zake hazikuumbwa kwa kazi hii. Njoo, ila mizunguko mitatu kisha upumzike.

Porsche 911 ina injini nyuma. Si itazunguka kama pia?

Zamani ilikuwa na sifa hiyo, na kanuni bado ipo: usiachie mafuta ghafla katikati ya kona. Zaidi ya asilimia 60 ya uzito uko nyuma, na mzigo ule ukianza kuyumba ni kama mzigo wa juu wa matatu, unataka kwenda mbele kabla yako.

Lakini watu husahau faida yake kwenye breki. Gari la kawaida likikanyagwa breki, uzito unakimbilia mbele. Hata lile lenye mgawo sawa wa nusu kwa nusu hujikuta na karibu asilimia 70 ya uzito mbele, na breki za nyuma zinabaki kama wageni harusini. Kwa 911 uzito ukikimbilia mbele unakaribia kusawazika. Matairi yote manne yanafanya kazi. Ndiyo maana inasimama vizuri kuliko magari mengi yenye nguvu kuizidi. Mara moja tu nimekaa kiti cha abiria kwenye moja, na kilichonishangaza hakikuwa kuondoka. Mkanda ulinibana kifua mpaka nikakohoa.

Ndugu yake Cayman ana injini katikati, hugeuka kwa urahisi zaidi, na kwa dereva wa kawaida ndiye rafiki.

Breki zangu zilikuwa nzuri, halafu zikapotea mzunguko wa tano. Kwa nini?

Kuna namna mbili za breki kupotea, nazo hazifanani.

Ya kwanza: pedali iko juu na ni ngumu, unakanyaga kwa nguvu lakini gari halisimami. Hapo pedi zimepita joto lake. Pedi za barabarani zimetengenezwa zishike zikiwa baridi asubuhi ukienda kazini. Zikipata moto mkali zinatoa gesi, uso wake unakuwa kioo, na hazishiki tena. Pedi za mashindano ni kinyume: zikiwa baridi ni butu na zinapiga kelele, zikipata moto zinauma.

Ya pili ndiyo ya kuogopa. Pedali inazama hadi sakafuni, laini kama mguu kwenye matope. Hapo mafuta ya breki yamechemka. Mafuta hayabanwi, lakini mvuke unabanwa, kwa hiyo mguu wako unabana mvuke na pedi hazipati habari. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, na maji ndiyo huyaharibu. Mafuta haya huuzwa kwa madaraja yanayoitwa DOT. DOT 4 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 155. DOT 3 ni 205 na 140. DOT 5.1 ni 260 na 180.

Mimi limenikuta. Nilinunua chupa ya DOT 4 dukani mjini, kifuniko kikiwa kimeshafunguliwa, muuzaji akaniapia kwamba alikuwa anaonyesha mteja tu. Nilikuwa na haraka, nikamimina. Mzunguko wa tano, mwisho wa sehemu iliyonyooka, pedali ikaenda chini bila kitu. Nilipampu mara tatu, nikapata nusu breki, nikashuka gia mbili kwa mpigo na kupitia kwenye koni hadi kwenye nyasi. Hakuna aliyeumia. Rafiki yangu wa Njoro alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaja kutazama mkono wangu ukitetemeka akaacha kucheka. Tangu siku hiyo chupa iliyofunguliwa haiingii kwenye gari langu, na mafuta nayabadilisha kabla ya kila siku ya uwanja.

Mwinuko wa Nakuru unaathiri chochote?

Sana. Tuko kama mita 1,850 juu ya bahari, na hewa ina msukumo wa takriban asilimia 80 ya ule wa Mombasa. Injini isiyo na turbo, ile pampu ya kusukumia hewa kwenye injini, hupoteza karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu zake. Ile 86 ya farasi 200 huku inakaribia 160. Yenye turbo hujitetea. Ndiyo sababu mtu wa Kisumu, kwenye mita 1,131, akija na gari lisilo na turbo huona limelegea kidogo na kunishtaki kwamba nimemchezea plagi.

Kwa breki kuna mawili. Hewa nyepesi hupoza diski polepole, kwa hiyo joto linakaa. Na ile buta inayosaidia mguu wako hutegemea tofauti kati ya hewa ya nje na ombwe la injini. Hewa ya nje ikipungua, msaada unapungua, pedali inakuwa nzito kiasi. Si hatari, ila usidhani gari limeharibika.

Nizime mfumo wa kuzuia kuteleza?

Siku ya kwanza, acha uwake. Siku ya pili pia. ABS, inayozuia magurudumu yasifunge ukikanyaga breki, usiiguse kabisa. Kanyaga kwa nguvu, uisikie ikigongagonga mguuni, usiachie. Watu wengi hapa hawajawahi kuisikia ABS ya gari lao, na wanapoisikia wanadhani kitu kimevunjika, wanaachia breki. Zoezi letu la kwanza kwa mgeni ni hilo tu: kilomita 80, kanyaga mpaka isimame, rudia mara tano.

Matairi ya mtumba yanafaa?

Angalia tarakimu nne pembeni mwa tairi. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa na meno mazuri. La zaidi ya miaka sita silitaki uwanjani. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua matairi kabla ya kuhangaika na bomba la moshi.

Diski za kutobolewa matundu je?

Zinapendeza. Zikipata moto mara nyingi, nyufa huanzia kwenye matundu. Kwa kazi yetu bora diski nzima, au zile za mistari.

Na breki za kaboni seramiki?

Porsche waliziweka kwenye 911 GT2 mwaka 2001, na sasa magari mengi ya bei kubwa wanazo. Ni nyepesi, zinavumilia joto ambalo chuma kingesalimu amri. Lakini hazifupishi umbali wa kusimama mara ya kwanza, maana hilo huamuliwa na tairi. Zinachofanya ni kuifanya mara ya ishirini ifanane na ya kwanza. Bei ya diski moja sitaitaja, kuna watoto wanasoma.

Kwa nini msitumie tu rekodi za sakiti ya Nürburgring, Ujerumani?

Zisome, lakini soma pia maandishi madogo. Tangu 2019 mzunguko rasmi hupimwa kilomita 20.832. Kabla ya hapo wengi walipima kilomita 20.6. Renault Mégane R.S. Trophy-R ilipokwenda huko mwaka 2019, mzunguko mmoja ulizaa nyakati mbili: dakika 7 na sekunde 40.1 kwa kipimo cha zamani, dakika 7 na sekunde 45.389 kwa kipimo kipya. Honda Civic Type R ikaja 2023 na 7:44.881. Mtu akichukua namba ya kwanza na kuilinganisha na hii ya Honda, atasema Honda ilishindwa kwa sekunde karibu tano, na kumbe ilishinda kwa nusu sekunde.

Naweza kujaribu kwenye mteremko wa kutoka Mau Summit kwenda Salgaa?

Hapana. Malori yameua watu pale kwa sababu hizi hizi nilizoeleza, breki kupata moto na dereva kushuka bila gia. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017, watu 36 walikufa Migaa, kwenye barabara hiyo hiyo, basi lilipogongana na lori. Ukinipigia kuniuliza habari za barabara ile, nitakata simu.

Mimi ni mtu wa Safari Rally, nimezoea vumbi la Naivasha na Elmenteita. Si ni yale yale?

Mikono yako itakusaidia, mguu wako utakusaliti. Kwenye vumbi unatupa gari upande kabla ya kona na gurudumu lililofunga hulimbikiza udongo mbele yake, likasimama. Kwenye lami gurudumu lililofunga linateleza tu na kuunguza tairi. Madereva wa vumbi tuliowapata hukata kona mapema mno. Baada ya nusu siku wanarudi sawa.

Ukiambiwa uchague moja kwa pesa zako?

BRZ, matairi mazuri, pedi nzuri, mafuta mapya ya breki. Kumbuka gari la kuagiza lisizidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo zile za 2012 tafuta zilizo nchini tayari. Mke wangu angechagua MX-5, na kwa mizunguko yetu ya koni amenishinda nayo mara mbili. Tuendelee.

Nikija mara ya kwanza, nibebe nini?

Helmeti, maji ya kunywa, spana ya nati za magurudumu, kipima upepo chako mwenyewe, chupa ya mafuta ya breki ambayo haijafunguliwa. Toa jeki, spea na kila kitu kinachoviringika kwenye buti. Toa zulia la upande wa dereva, lisije likaingia chini ya pedali. Ukimaliza mizunguko usisimame papo hapo: zunguka mmoja wa polepole bila breki ili diski zipoe, kisha egesha ukiweka gia na jiwe nyuma ya gurudumu. Handibreki usiivute mpaka uweze kushika rimu kwa mkono.